Nilivyonunua baiskeli ya mbio ya mtumba mtandaoni

Aliyenitia mdudu huu kichwani ni mwenzangu anayefundisha michezo shuleni kwetu. Aliingia chumba cha walimu na tangazo la triathlon: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, halafu kukimbia kilomita 5. "Mwalimu, kukimbia unakimbia tayari," akaniambia. "Kuogelea nitakufundisha mimi. Baiskeli ni kununua tu."

Kununua tu! Ilinichukua miezi mitatu na nusu.

Baiskeli niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya matairi mapana, niliyoachiwa na binamu yangu alipohamia Kisumu. Inafaa ukiwa msitu wa Karura kwenye vumbi na mizizi. Lakini kwenye barabara ya Kiambu watu wa baiskeli nyembamba walikuwa wananipita huku wanapiga soga, na mimi nikihema kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni Dagoretti. Nikauliza bei ya mpya dukani, nikashukuru, nikatoka. Usiku huo nikaanza kupekua matangazo kwenye simu.

Muuzaji wa kwanza alinila elfu tatu. Alikuwa na baiskeli ya kaboni kwa Sh 30,000, bei ambayo peke yake ingetosha kunishtua, lakini tamaa haina masikio. Akasema kuna mtu wa Nakuru yuko njiani kuichukua, nitume angalau 3,000 aniwekee. Nikatuma. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia nikaona jina la mwanamke, na mimi nilikuwa nimezungumza na mwanamume. Jioni simu yake haikupatikana tena. Nilipoirudia ile picha kwa utulivu, nikaona nyuma ya baiskeli, kwenye kizingiti cha mlango, kuna theluji. Theluji, Kileleshwa, hapa Nairobi! Wanafunzi wangu wakikosa kitu cha wazi hivyo kwenye mtihani huwa nawasema.

Baada ya hapo nikamtafuta fundi. Huyu ana kibanda chake Roysambu, siku nyingi anatengeneza pikipiki na baiskeli za kubebea maji, lakini zamani alikuwa akiwatengenezea vijana wa mashindano. Tulipatana hivi: nimlipe Sh 1,500 na nauli kila tunapokwenda kuangalia baiskeli, ninunue nisinunue. Neno la mwisho ndilo alilolisisitiza yeye mwenyewe. "Ukinilipa ukinunua tu," alisema, "kila baiskeli nitaiona nzuri."

Pesa yake ilijilipa safari ya kwanza. Tulienda South C kuona baiskeli ya triathlon hasa, yenye ule usukani wa kulalia kwa viwiko, nyekundu, inang'aa, Sh 48,000. Nilipoipanda nikajiona kabisa niko mashindanoni. Fundi hakuitazama rangi. Alichuchumaa, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua ubavu wa tairi mpaka maandishi yakatokea: 650 × 23C, na pembeni yake kwa herufi ndogo 23-571.

"Mwalimu, tairi ya hii utainunua wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza palepale, mwenye baiskeli naye akisikiliza. Baiskeli za barabarani karibu zote zina rimu ambayo tairi hukalia kipenyo cha milimita 622. Ndiyo ile watu huita 700. Baiskeli nyingi za triathlon za miaka ya tisini zilitengenezewa rimu ndogo zaidi, ya 571, ambayo nayo huitwa ya inchi 26. Ukienda dukani ukasema unataka tairi ya inchi 26 watakupa ya baiskeli ya milimani, na hiyo ni 559, haiingii hata ukiipigia nyundo. Akawapigia simu watu wawili anaowajua mjini. Hakuna. Mwenye baiskeli hakuwa mjanja, masikini. Aliachiwa na mzungu aliyekuwa jirani yake na hakuwahi kupasua tairi. Alitupa chai, tukaondoka. Kila nikiona baiskeli nyekundu bado moyo unanistuka kidogo.

Zilifuata wiki za kutafuta bila kupata. Zilizokuwa nzuri hazikuwa saizi yangu. Mimi nina futi tano na inchi nane, kwa hiyo fremu ya sentimita 54 au karibu na hapo, na wauzaji wengi hawajui saizi ya wanachouza. Ukiuliza, unaambiwa "inatosha mtu yeyote". Baiskeli ya mbio isiyokutosha ni kama kiatu kisichokutosha, na fundi hawezi kuivuta fremu ikarefuka.

Halafu ikatokea baiskeli ya mbio aina ya Specialized Allez, ya alumini, saizi 54, vifaa vya gia na breki vya Shimano 105, Lang'ata. Tangazo lilisema ni ya mwaka 2019, "imekaa tu ndani, haijatumika", Sh 65,000. Tulienda Jumamosi asubuhi, kwenye mtaa wenye geti. Mimi hupenda kuzungumza na askari wa geti kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Nilipomwambia tumekuja kwa ajili ya baiskeli akatabasamu. "Ile ya kijana wa nyumba ya tisa? Naijua miaka mingi. Lakini siku hizi haitoki nje."

Nikatulia kuhusu jambo moja: haikuwa ya wizi. Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, akatuonyesha picha zake akiiendesha barabara ya Magadi. Fundi akampa salamu, akaigeuza baiskeli miguu juu, akaanza.

Kwanza alisoma namba nyuma ya mkono wa pedali: FC-5700. Akanitazama. Hizo 105 za namba 5700 zilitoka 2010, zina gia kumi nyuma; zilizofuata, 5800, zilitoka 2014 na zina kumi na moja. Alihesabu meno ya nyuma kwa kidole, duara moja moja, hadi kumi. Hakusema "umedanganya". Alisema tu, "Hii ni ya kabla ya 2014, kijana wangu," na kijana akasema labda aliyemuuzia yeye ndiye aliyekosea mwaka. Labda.

Kisha akatoa futi ya chuma, ya seremala, akaipima cheni. Vipande kumi na viwili kamili, kutoka pini hadi pini, vinatakiwa kuwa inchi kumi na mbili. Cheni ikichakaa hurefuka: pini ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi unabadilisha cheni, ikizidi kwa sehemu moja ya nane ujue imeshakula na meno ya gia za nyuma. Hii ilikuwa imepita hiyo ya nane. Akapitisha ukucha polepole kwenye welidi zote, hasa chini pale bomba kubwa linapoungana na shingo ya usukani, akitafuta ufa. Safi. Akazungusha usukani kulia na kushoto. Kila ulipofika katikati ulijikwaa, kama droo iliyovimba. Goroli za shingo zimekufa. Na tairi la nyuma lilikuwa na mstari mmoja bapa, unaong'aa, katikati kuzunguka tairi zima, wakati la mbele lilikuwa jipya kabisa.

Hapo fundi akacheka. "Imekaa ndani, ni kweli. Lakini haikupumzika."

Kijana naye akacheka, akasema yote. Wakati wa korona aliifunga kwenye ile mashine ya kukanyagia ndani ya nyumba, na tangu hapo hakuitoa. Kumbe baiskeli inaweza kuzeeka bila kwenda popote. Mtu akikanyaga saa nzima chumbani bila upepo, jasho lote linadondokea shingoni mwa baiskeli na kwenye bomba la kiti, na jasho ni chumvi. Skrubu zote za usukani zilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Nami nikaomba kiti kishushwe kidogo nijaribu. Hakikushuka. Hakikupanda. Hakikuzunguka. Bomba la kiti lilikuwa limeganda ndani ya fremu.

Mimi nafundisha kemia, kwa hiyo ugonjwa huo nilijua jina lake. Alumini ikikutana na chumvi na maji huota oksidi, unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, nao hujibana kati ya bomba na bomba mpaka hakuna mkono unaoweza. Fundi akasema dawa yake ni amonia, ile ya kusafishia nyumba. Nikambishia. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha nne anajua kwamba yale mashapo meupe ya alumini hayayeyuki hata ukizidisha amonia. Ya zinki ndiyo huyeyuka. Ukiweka kostiki soda yatayeyuka, ndiyo, lakini kostiki soda itaila na fremu. Fundi alinisikiliza kwa heshima zote. "Sawa, mwalimu. Lakini mimi nimeshazitoa nyingi."

Tukaenda kando, tukapatana, tukarudi kwa kijana: akikubali fundi aje na amonia yake na bomba litoke, tutanunua kwa elfu hamsini. Lisipotoka, kila mtu na hamsini zake. Alijaribu kutupandisha hadi hamsini na nane. Nikamtajia kwa upole cheni, friwili (zile gia za nyuma), matairi, goroli, kebo. Nilipofika kwenye kebo alikubali.

Wakaigeuza juu chini, fundi akafungua skrubu ya kishikio cha chupa, akamimina amonia kupitia lile tundu ili ishuke hadi kwenye bomba la kiti. Nyumba nzima ikanuka maabara yangu. Ikalala hivyo usiku kucha kwenye roshani. Jumapili, baada ya ibada, tukarudi. Kijana alikumbatia fremu, fundi akashika kiti kwa mikono miwili kama mtu anayemgeuza fahali kwa pembe. Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu ukatoka mlio, mwembamba, mrefu, wa mlango wa nyumba iliyohamwa, na kiti kikageuka kama upana wa kidole. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya dakika kumi. Bomba lilipotoka lilikuwa limejaa unga mweupe. Fundi hakuniambia neno. Aliniwekea tu ule unga kiganjani. Hadi leo nashikilia kwamba ni maji ya ile amonia yaliyopenya na nguvu za mikono yake, si kemia. Yeye anashikilia yake.

Tuliandikiana karatasi: majina, namba za vitambulisho, na namba ya fremu iliyochongwa chini ya ekseli ya pedali, kila mtu akapiga picha. Nililipa nikiwa nimeishika baiskeli kwa mkono wa pili. Tuliyafungua magurudumu, ikaingia kwenye teksi bila shida.

Hesabu sasa, kwa kuwa najua ndiyo mnayoitaka. Cheni 2,800. Friwili ya gia kumi 3,500. Matairi mawili ya upana wa milimita 25, 7,000. Goroli za shingo 1,200. Kebo na utepe wa usukani 1,800. Ufundi 3,000. Ukijumlisha na zile hamsini unapata Sh 69,300, yaani zaidi ya bei ambayo kijana aliitaja mwanzo na nikaiona ni ghali. Sijaweka nauli, wala zile elfu tatu za theluji. Bomba la kiti siku hizi nalipaka grisi kila mwezi, kwa hofu.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa barabara ya Thika, alfajiri, kuelekea Juja. Iliteleza kama haina uzito. Karibu na Juja nikapanda kipande cha chupa, tairi la nyuma likalala. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo. Pampu niliisahau mezani. Nikasukuma hadi kituo cha mafuta, kijana wa pampu akavuta mpira wake wa upepo, akajaribu, akajaribu tena, haukushika. Valvu za baiskeli hizi ni nyembamba, zina kikofia kidogo cha kufungua kwanza, na mpira wa magari hauzitambui. Kuna kiungo kidogo cha shaba kinachovalishwa juu yake, ambacho fundi alikuwa ameniagiza ninunue, nami nikasema wiki ijayo. Mwendesha boda mmoja akakubali kwenda kunitafutia kwenye maduka ya baiskeli kwa shilingi mia.

Tulipokuwa tunamngoja, mwenzake akaja, akaizunguka baiskeli mara mbili, akaiinua kwa vidole viwili, akaishusha taratibu.

"Hii umenunua ngapi, mwalimu?"

Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Nikamwambia elfu kumi na nane.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Umeibiwa."