Taa ya kushoto

Gari la kuvuta lilifika kabla ya polisi. Ilikuwa saa moja jioni, Outering Road karibu na Donholm, Nairobi, mvua imetoka kunyesha. Matatu ilijitosa mbele yangu na kusimama, nikapiga breki, Vitz yangu ikateleza hadi ikaivaa kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Abiria walishuka, wakanitupia maneno mawili matatu, wakadandia matatu nyingine. Mikono bado inatetemeka nikasikia, "Pole, madam. Tunakupeleka gereji, karatasi utasaini huko huko." Mnyororo ulikuwa tayari chini ya bampa.

Nilikataa. Kaka yangu aliwahi kuvutwa hivyo hadi yadi fulani, na kabla bima haijamjibu akawa anadaiwa pesa za kuvutwa na za kuegesha, kila siku zikiongezeka. Nikapiga nambari iliyoandikwa kwenye karatasi zangu za bima, wakatuma gari lao. Nilingoja saa nzima. Nikitulia nikapiga picha za magari yote mawili, namba zikionekana, kabla hayajasogezwa.

Kituoni niliandikisha taarifa, na baada ya siku kadhaa nikapata abstrakti, karatasi ya polisi inayothibitisha ajali. Niliipeleka kwa bima pamoja na fomu yao, nakala ya logbuku na leseni. Bahati yangu nilikuwa na komprehensivu, bima inayolipia hata gari lako mwenyewe. Ile ya thadi pati, ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, inamlinda unayemgonga. Gari lako utajijua.

Bima wakanipa majina ya gereji tatu nichague. Wakala wangu aliisifu mno moja, tena kwa haraka iliyonitia shaka. Fundi wangu wa Kariobangi akaniambia, "Dada, usiangalie geti. Angalia magari yaliyomo ndani yamekaa muda gani." Nikazizungukia zote bila kuwapigia simu. Kwa ile ya wakala, nyasi zilikuwa zimeota kati ya magurudumu ya Probox moja, na vioo vya mbele vimejaa vumbi la kuandikia jina. Nikaenda ya pili.

Asesa, yule mkaguzi anayewakadiria bima uharibifu, alikuja, akapiga picha, akaandika orodha. Niliomba nakala ya ripoti yake. Nilizungushwa, nikaomba tena, nikapewa. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu inasema kila kipuri kitanyooshwa au kitabadilishwa. Boneti kunyooshwa. Radieta, bampa na taa ya kushoto, vipya.

Wiki tatu baadaye gari lilikuwa linang'aa kama la harusi. Nilikuwa nimekuja na fundi wangu, ripoti mkononi. Alifungua boneti, akaingiza kidole nyuma ya taa, akacheka. Sikio moja la kushikilia taa lilikuwa limevunjika na kugandishwa kwa gundi. "Hii imetoka Grogan," akasema. Ndiyo, barabara yenyewe, ya vipuri vilivyotumika, ni Kirinyaga Road tangu zamani, lakini kwa mafundi bado ni Grogan. Mimi sina ubaya na Grogan, nimenunua huko vioo vya pembeni mara mbili. Ila hapa bima ilikuwa inalipia taa mpya.

Msimamizi hakubisha. Alinisogezea fomu tu: "Saini hapa, madam, uende na gari lako." Fomu hiyo inasema umeridhika na kazi, na pasipo sahihi yako bima hailipi gereji. Nikairudisha mezani, nikampigia asesa aje akague upya.

Alikuja kesho yake. Taa mpya ikachukua siku nne, nami siku nne nikapanda matatu, huenda hata ile ile. Kisha nikalipa sehemu yangu ya gharama, ile ambayo bima haikulipii, Sh15,000, nikasaini. Nikiwa natoka, niliiona ile taa ya gundi juu ya benchi, imefutwa vizuri, inangoja gari la mtu mwingine.