Usiku wa Erta Ale

Julai 2007 nilikuwa bado mwanafunzi Arusha ardhi ilipoanza kutikisika, leo inatikisika kesho tena, vikombe vinagongana kabatini, mpaka usiku mmoja mama akatutoa wote nje tukalala uani kwenye mikeka. Kumbe Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano wa kwetu, ulikuwa unaamka. Tangu hapo nikabaki na hamu ya kuuona moto wa ardhini kwa macho yangu, na nilitaka ule mwekundu kabisa, maana lava ya Lengai, yaani yale mawe yaliyoyeyuka, haifiki hata nyuzi 600, mchana unaiona nyeusi kama tope.

Basi nikadunduliza hela miaka, na Februari 2016 nikapanda ndege hadi Addis, Ethiopia, kuufuata mlima wa volkano wa Erta Ale wenye ziwa la lava, nikaunga Mekele, kutoka hapo ni Landcruiser kushuka jangwa la Danakil kwa watu wa kabila la Waafar. Ni Bonde la Ufa lilelile la kwetu, ila kule limezama mpaka kuna sehemu ziko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Joto lake siwezi kulielezea, maji ya chupa yananyweka kama chai isiyo na majani. Kipande cha mwisho kabla ya Dodom, kambi ya chini ya mlima, hamna barabara, ni mawe ya lava tu, gari linatambaa.

Pale Dodom dereva akatuambia safari ya mlimani ni saa kumi na mbili. Wazungu tuliokuwa nao wakaanza kutandika walale wakijua ni usiku wa manane, mi nikaanza kufunga kamba za viatu. Yaani Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, saa moja ni jua limechomoza! Nilifurahi sana, nilijiona niko kwa ndugu zangu.

Tukatembea kama masaa manne gizani, ngamia wamebeba magodoro na maji, askari wa Kiafar wana bunduki, na muda wote juu mbele yetu anga ni jekundu. Mlima wenyewe sio mrefu, mita 613 tu, Waafar wanauita mlima unaotoa moshi.

Kwenye sakafu ya kaldera, lile shimo kubwa la kileleni, ndo pagumu. Lava changa ikiganda inakuwa kama ganda la yai, juu inang'aa ndani tupu, nikakanyaga ikapasuka mguu ukazama mpaka gotini, vile vipande ni kioo kabisa vikanichana. Kijana mmoja wa wale askari, kavaa sendozi za plastiki tu, akanivuta akanishika mkono na hakuniachia mpaka tulipofika ukingoni. Hatukuwa na lugha ya kuongea. Alikuwa anakanyaga kwanza ye, akiona pako imara ananivuta.

Alaf nikaliona ziwa la lava. Juu kuna utando mweusi, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakaachwa yapoe, mara unapasuka na mistari ya rangi ya chungwa inakimbia huku na huku, kipande kizima kinainama kinamezwa, na pale kilipozama lava inafoka juu na kumwagika tena. Sauti yake sikuitegemea hata kidogo, nilidhani itanguruma, kumbe ni kama bahari ya usiku inapiga mawe, taratibu tu. Uso unaungua mgongo unapata upepo. Nikalia. Nilikuwa nimesubiri miaka tisa.

Upepo ukageuka ghafla moshi wa salfa ukatuvaa, kifua kikabana kabisa, nikajifunika khanga ya mama niliyokuwa nimejitanda na yule kijana akanivuta pembeni tukachuchumaa tumegeuzia moto mgongo mpaka ukapita. Tukarudi tena ukingoni, tukakaa mpaka karibu alfajiri.

Nyumbani mama aliinusa ile khanga kabla hata hajanisalimia vizuri. "Kwahiyo ndo unanuka hivi?" Nikamhadithia yote mpaka usiku, na kidonda cha mguuni akakiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi japo kilishaanza kukauka.

Januari 2017 nikasikia ziwa limefurika, lava imemwagika kwenye kaldera na nyufa zimefunguka upande wa kusini mashariki. Nilikaa na simu mkononi nikiangalia picha, sakafu tuliyopita yote imegeuka. Nikamwita mama aone. Akaangalia kimya, alaf akauliza, "Na yule mtoto aliyekushika mkono yuko salama?"

Sikuwa hata na namba yake.