Kioo cha Murano kwenye Rafu Yangu
Chombo cha maua nilichokinunua wiki hii kilitoka Murano, kisiwa kilicho karibu na Venice, nacho kimetengenezwa kwa mtindo wa sommerso, ambao mbunifu wa vioo Flavio Poli aliupa umaarufu mkubwa katika miaka ya 1950. Fundi huchovya kioo cha rangi moja, kikiwa bado moto, ndani ya kioo kilichoyeyuka cha rangi nyingine, hivyo zambarau huonekana kana kwamba imezama ndani ya kaharabu. Kabla ya kulipa nilikagua kitako, kwa kuwa lebo ya karatasi hubanduka, au hubandikwa na wajanja, ilhali mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio, inayoachwa na miaka ya matumizi, ndiyo ninayoiamini zaidi kama dalili ya umri. Hakina saini, jambo ambalo halinisumbui, maana vyombo vingi vya enzi hiyo havikutiwa saini.