Siku moja maishani mwangu: kupeleka wageni Marafa

Saa mbili asubuhi simu inalia, Waitaliano wawili, mtu na mkewe, wanataka Marafa, lile korongo la nguzo za mchanga nje ya Malindi, na wanataka tutoke saa tano. Nikawaambia hapana, saa saba mle chini jua linakukaanga bila mafuta, si bure pameitwa Hell's Kitchen, yaani jiko la Jehanamu. Tukakubaliana saa tisa.

Mchana wote ni vitu vidogo vidogo, mafuta, upepo wa tairi, chapati maharagwe, basi.

Saa tisa tunavuka daraja la Sabaki, maji ya rangi ya udongo kama kawaida yake, mbele tunakata kushoto kuingia bara na stori za Kiitaliano cha Malindi, hapa hata muuza madafu anakiongea.

Saa kumi na ushee tumefika. Wenyewe Wagiriama wanapaita Nyari. Tunalipa kiingilio, tunapewa kijana wa pale kijijini atushushe, na lazima aanze na ile hadithi, kwamba zamani palikuwa na familia tajiri, ng'ombe wengi mpaka wakawa wanaogea maziwa, Mungu akakasirika akawadidimiza na mji wao, weupe ule ukutani ni maziwa na wekundu ni damu yao. Mama wa Kiitaliano akanigeukia eti na wewe unasemaje, nikamwambia mimi naipenda hiyo hiyo, ila ukweli ni kwamba huu ni mchanga ulioshikana kidogo tu, mvua inauchonga, upepo unamalizia, na wekundu ni chuma kilichoshika kutu. Ndo maana ukipapasa ukuta unabaki na unga kidoleni, na kila mvua kubwa inameguka kidogo tena.

Njia yenyewe fupi, nusu saa hivi ukienda polepole, lakini kwa kuteremka mchanga unateleza so slipa uache kwa gari. Wengi wanapiga picha juu ukingoni halafu wanageuza, wamelipa bure hao wallahi. Chini ndo unazungukwa na nguzo, nyeupe, pinki, rangi ya chungwa, nyekundu iliyokolea, na saa kumi na mbili kasoro jua likilala ile nyekundu inawaka mpaka mzee wa watu akasahau simu mfukoni.

Saa mbili usiku nawashusha hotelini. Tip ilikuwa nzuri, viti vimejaa vumbi, na njaa inaniuma, wacha nitafute wali wa nazi na samaki kabla hawajafunga.