Pini namba 6

Natoka sasa hivi saluni moja hapa Majengo, Moshi. Mdogo wangu anafunga taa za LED zinazoendeshwa na WLED, programu ya bure ya kuongoza taa, kwenye chipu ndogo yenye Wi-Fi iitwayo ESP32.

Alitaka kuweka nyongeza ya kihisi mwendo iliyoandikwa na mtumiaji mwingine: mteja akiingia, taa za kioo zinawaka. Nzuri kweli!

Nikamwambia tusome msimbo wake (code) kwanza. Nyongeza ya WLED haikai pembeni. Inaunganishwa ndani ya programu yenyewe na inaweza kufikia kila kitu, hata nywila ya Wi-Fi.

Tukakuta mstari mmoja unaoshika pini 6, moja ya miguu ya chipu ya kuunganishia waya, moja kwa moja, bila kupitia msimamizi wa pini wa WLED, sehemu inayozuia pini isigombaniwe.

"Kaka, mbona kwa aliyeiandika inafanya kazi?" dogo akauliza.

Yeye anatumia ESP32-S3, aina nyingine ya chipu hiyo. Kwenye ESP32 ya kawaida, pini 6 hadi 11 ni njia za kumbukumbu ya flashi, inakokaa programu yenyewe. Ukizigusa, kifaa kinaganda au kinajizima na kujiwasha.

Dogo akanyamaza, akaurudia ule mstari kwa kidole, polepole. Nilifurahi sana kumwona vile.

Tukahamia pini 13, tukahifadhi nakala ya mipangilio, ndipo tukapakia.

Mnaofunga WLED Moshi na Arusha, nyongeza gani mmezisoma wenyewe na mnaziamini? Nitajieni hapa chini.