Brosha ya skuli ya Kisauni

Mwisho wa 2022 kuna mzee mmoja mwenye skuli huko Kisauni, Mombasa, zile za integreti, masomo na madrasa pamoja, alinitafuta nimfanyie brosha ya kugawa kabla Januari haijafika. Akaja na flashi imejaa: vision, mission, motto, historia ya skuli tangu ilipokua vyumba vya mabati, hotuba yake ndefu, na picha yake kavaa suti ambayo alitaka ndio ikae mbele. Nikamwambia sawa mzee, niachie.

Mimi kabla sijawasha kompyuta nakunja karatasi kwanza. Unachukua A4 unaikunja mara mbili, unapata kurasa sita nyembamba, unaandika kwa biro tu, hapa picha hapa karo hapa simu. Nikatengeneza moja vile mzee alivyotaka, nikashuka nayo kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi pale chini kwetu maana najua ana wajukuu wa kupeleka skuli. Akaifungua, akaigeuza, hotuba ya mzee akairuka yote, akaigeuza tena, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, ni pesa ngapi hapa? Na gari lafika Bombolulu ama halifiki?"

Na mwaka ule swali la tatu kila mzazi alikua nalo, Greidi 7. Watoto wa kwanza wa CBC, ule mtaala mpya wa Kenya, walikua ndio wametoka kufanya KPSEA, mtihani wa mwisho wa Greidi 6, na mwanzoni mwa Disemba serikali ikasema junior secondary, yaani Greidi 7 hadi 9, itakaa kwenye shule za msingi, sio sekondari kama watu walivyodhania, kwa hivo mzazi alikua anataka kujua tu mtoto wangu anabaki hapa ama anaenda wapi. Mzee maabara anayo, walimu anao, ruhusa anayo, lakini kwenye makaratasi yake yote hakuna mahali ameandika! Nikatoa suti yake mbele nikaweka watoto wako maabara, na chini maneno machache, Greidi 7 ipo hapa hapa.

Kwenye karo ndio tulivutana. Yeye ati tukiandika bei watu watakimbia, wacha waje ofisini kwanza. Nikamwambia mzee, atakayekimbia karatasi atakimbia pia ofisini, tofauti ni kwamba ofisini amekuja na nauli na mtoto mgongoni na amekasirika. Akanyamaza. Kesho yake akanitumia karo ya kila darasa, kwa muhula, na gari kivyake na chakula kivyake, nikaipanga kwa jedwali, herufi kubwa kiasi cha bibi kusoma bila miwani. Vision na mission nikaacha sentensi moja, na hiyo moja pia ni kwa heshima yake.

Picha ilikua kazi nyingine. Walimu walinitumia kwa WhatsApp, ambayo inaminya picha, kwa simu yaonekana nzuri ukiichapa ni ukungu mtupu, na printi yataka 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Nikaenda kupiga mwenyewe. Lakini kwanza nikamwambia mzee apeleke fomu kwa wazazi wasaini, kwa sababu tangu sheria ya kulinda data ya 2019 sura ya mtoto huwezi kuitumia kutangaza biashara bila ruhusa ya mzazi. Kuna mama alikataa na ni haki yake, mwanawe akakaa kando, na darasa lake nikalipiga kutoka nyuma, wamenyoosha mikono, na wallahi ile ndio ikatoka nzuri kuliko zote.

Tukachapa Mwembe Tayari. Yule kijana wa mashine anajua kazi, aliangalia faili akaniuliza kitu kimoja tu, kurasa ya kuingia ndani umeipunguza? Nilikua nimeipunguza, 97 mm na zile mbili 100 kila moja, maana zikilingana ile ya ndani inagonga kwenye mkunjo na karatasi inajikunja pembe. Rangi ya yunifomu, ile kijani inayong'aa kwenye skrini, wino hauwezi kuitoa vile, tukachapa moja ya majaribio mzee akaiona kwa macho yake kabla ya kulipa, yasije maneno baadaye.

Namba ya simu nilimsisitiza iwe ya mtu anayeshika, sio laini ya ofisi inayolia hadi inakatika. Akasema weka yangu. Nikaweka, kubwa, nyuma.

Wiki ya kwanza ya kugawa ananipigia, sauti imekauka, "Kijana, hawa watu wanapiga mpaka Ijumaa niko msikitini, hebu itoe hii namba uweke ya sekretari." Nikamwambia mzee, zishachapwa, na bado maboksi mawili kwenye stoo yako.