Nilivyoshughulikia betri mbili za lithiamu zilizoisha kupita kiasi

Niliporudi Dodoma kutoka Kondoa, nilikokaa siku 9 kwenye msiba, mpwa wangu alinipokea mlangoni akiwa amekumbatia gari letu la rimoti. "Shikamoo mjomba. Gari limekufa." Gari lilikuwa zima, zilizokuwa mahututi ni betri zake mbili, na kila moja ilikuwa imefikishwa hapo kwa kosa langu mwenyewe.

Betri hizo ni za lithiamu-polima, zenye seli 2 na ujazo wa miliampea-saa 5,000 kila moja. Seli ya aina hii ikijaa husoma volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya volti 3.0, kwa hiyo betri yangu nzima ikijaa husoma 8.4, na ikisoma 6.0 imeshapita mahali pa kusimamishia gari. Betri ya kwanza niliiacha ndani ya gari ikiwa imechomekwa, nikiamini kwamba kuzima swichi kunatosha. Baadaye nilipima kwa mita nikaona kwamba kidhibiti mwendo, hata swichi ikiwa imezimwa, kilikuwa kinaendelea kunyonya miliampea 5. Kwa saa 216 za safari yangu hiyo ni zaidi ya miliampea-saa 1,000, ambazo betri iliyotoka kuchezewa uwanjani jioni ya kuamkia safari haikuwa nazo. Betri ya pili ilikuwa kabatini, lakini ilikuwa imeendeshwa mpaka gari likasimama lenyewe, kwa sababu kidhibiti mwendo kilipangwa kwa betri za nikeli na hakikukata umeme mapema kama kinavyopaswa kufanya kwa lithiamu.

Nilipima seli moja moja kupitia plagi ndogo nyeupe yenye waya 3, ile inayotumika kusawazisha seli wakati wa kuchaji. Betri ya kabatini ilisoma volti 2.71 na 2.64. Iliyokuwa ndani ya gari ilisoma 1.2 na 0.9, na ubavu wake mmoja ulikuwa umeumuka kama andazi. Nashukuru kwamba betri zangu zina ganda laini, kwa maana zile zenye kasha gumu la plastiki huweza kuvimba ndani bila mwenyewe kuona kitu.

Chaja yangu ilizikataa zote mbili, jambo ambalo ni la kawaida, kwa kuwa chaja nzuri hukataa kuchaji seli za lithiamu zenye volti ndogo kiasi hicho. Nilizipeleka kwa fundi wa simu karibu na soko la Majengo, naye hakusita. "Mkuu, tuishtue tu na betri nyingine, itaamka." Alikusudia kuunganisha betri iliyojaa moja kwa moja na iliyoisha, waya kwa waya. Ni njia ya mafundi wengi na mara nyingine huonekana kufanya kazi, lakini hakuna kinachodhibiti mkondo unaoingia, na betri iliyochoka ndiyo hasa isiyotakiwa kumiminiwa umeme kwa fujo. Nilimshukuru nikaondoka nazo.

Kilichonifanya nizitenganishe betri hizi mbili katika uamuzi wangu ni suala la shaba. Ndani ya seli kuna karatasi nyembamba ya shaba inayobeba upande hasi. Volti ikishuka mno, hasa ikielekea sifuri na kukaa huko kwa siku kadhaa, shaba huanza kuyeyuka na kuingia katika kimiminika cha seli. Ukiichaji tena, shaba hiyo hairudi ilikotoka, bali huganda mahali pasipo pake na kuota kama vijiti ambavyo vinaweza kupenya utando unaotenganisha pande mbili, na hapo shoti hutokea ndani kwa ndani, pengine wiki kadhaa baada ya mwenye betri kujipongeza. Betri yenye volti 2.6 haikuwa imefika huko. Yenye 0.9 na uvimbe juu yake sikuwa na hamu ya kubishana nayo, ingawa nakiri kwamba bei yake, pamoja na usumbufu wa kuiagiza Dar es Salaam, ilinifanya niitazame mara mbili.

Kazi ya kuiamsha betri ya kabatini niliifanyia uani, juu ya sakafu ya saruji, betri ikiwa ndani ya chungu cha maua kilichokuwa kitupu, na kando yangu ndoo ya mchanga mkavu. Nilingoja asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupeperusha vumbi na makaratasi. Nilipanga chaja kwenye hali ya betri za nikeli, kwa sababu katika hali hiyo haikatai volti ndogo, nikaweka mkondo wa ampea 0.2 tu. Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa katika hali hiyo chaja haijui kwamba inachaji lithiamu, haisawazishi seli, wala haitasimama pa kusimama; anayesimamia ni wewe. Sikuinuka kwenye kigoda. Kila dakika nilipima seli zote mbili na kuigusa betri kwa mgongo wa kidole kuona kama inapata joto. Baada ya dakika 11 seli zote zilivuka 3.0, nikazima papo hapo, nikairudisha chaja kwenye hali ya lithiamu yenye kusawazisha, nikaendelea kwa ampea 0.5 mpaka volti 3.85 kwa kila seli.

Sikuijaza siku hiyo. Niliiacha kwenye chungu, nje, kwa siku 3, kwa maana seli yenye shoti ndogo hujisaliti kwa kushuka volti yenyewe ikiwa imetulia. Zilisoma 3.85 na 3.84. Ndipo nilipoijaza, nikaitoa umeme kwa kutumia chaja, nikapata miliampea-saa 4,100. Imepungua, lakini ni hai. Sasa naichaji kwa ampea 2.5 badala ya 5, na kamwe si ndani ya nyumba.

Ile iliyovimba niliiunganisha usiku kucha na balbu ya taa ya pikipiki ili imalize umeme uliobaki. Wengi husifu maji ya chumvi, lakini chumvi hula vituo vya waya kabla umeme haujaisha. Kisha nilizifunga ncha zake kwa selotepu ya umeme na kuifukia kwenye debe la mchanga uani, ikisubiri safari ya Dar es Salaam kwa mnunuzi wa taka za kielektroniki. Jalalani sikuipeleka, kwa sababu taka za mtaani kwetu huchomwa moto.

Kidhibiti mwendo nimekipanga kwa lithiamu, kikate umeme kwenye volti 3.2 kwa seli, na betri zisizotumika hulala zikiwa na 3.8. Mpwa wangu huchomoa plagi kabla hata ya kulifuta gari vumbi. Betri iliyopona imeshatoka uwanjani mara 14, na kila jioni napima tofauti ya seli zake. Tofauti hiyo ikifika volti 0.05, betri itamfuata mwenzake, na debe bado lina nafasi.